Mtoto Akiumia Shuleni, Nani Awajibike?

Ndugu msikilizaji, miongoni mwa barua nilizopokea mwezi huu ipo moja iliyotoka Mbaha, kule mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwandishi wake ni mzazi. Hakulalamika, wala hakumtaja mtu kwa jina. Aliuliza swali moja tu, kwa mistari mitatu: mtoto akiumia akiwa shuleni, anayewajibika kisheria ni mwalimu, ni kijiji, ni Serikali, au ni bahati mbaya ya mtoto mwenyewe?

Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake lina historia ndefu, na historia hiyo ndiyo nitakayoizungumzia leo. Nimeona nianze na historia kwa sababu wengi wetu tunadhani sheria ya mambo haya ni kitu kigeni kilichokuja juzi pamoja na mambo ya haki za binadamu. La hasha. Sheria hii ipo nchini mwetu kwa zaidi ya miaka 100. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia.

Kwa wasioifahamu Mbaha, ni kijiji, na ni kata pia, katika mwambao wa mashariki wa ziwa, upande wa Lituhi, ambako Mto Ruhuhu unamwaga maji yake ziwani. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga, ambayo makao yake yako juu milimani kwa Wamatengo, mpaka mwaka 2012 Nyasa ilipotengwa kuwa wilaya inayojitegemea. Watu wa huko wanaishi kwa ziwa: usipa, mbasa, muhogo, na mtumbwi. Mtoto wa mwambao hujua kupiga kasia kabla hajajua kuandika jina lake.

Shule zilifika huko mapema. Misheni ya Waanglikana ya UMCA, iliyoweka makao yake katika kisiwa cha Likoma miaka ya 1880, ilifungua shule katika vijiji vya mwambao, na kutoka upande wa Songea wakaja Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Shule hizo zilikuwa vibanda vya miti na nyasi. Paa likianguka lilikuwa la nyasi, na aliyekuwa chini yake alijikung'uta na kuondoka.

Hatari kubwa ilikuwa ziwani. Tarehe 2 Septemba, 1895, Askofu Chauncy Maples wa UMCA alizama katika Ziwa Nyasa mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Meli ya misheni iliyoanza kazi mwaka 1901 ilipewa jina lake, na ikabeba walimu, wagonjwa na wanafunzi kwa muda mrefu. Mwaka 1946, tarehe 30 Julai, meli ya Vipya ilizama katika ziwa hilo hilo, upande wa Nyasaland, na watu 145 wakapoteza maisha.

Kati ya misiba hiyo miwili kuna tofauti ambayo ni muhimu kwa mazungumzo yetu. Askofu alipozama, watu walisali na kusema ni mapenzi ya Mungu. Vipya ilipozama, watu walisali pia, lakini iliundwa tume ya kuchunguza. Waliuliza meli ilikuwaje, ilipakiwaje, na nahodha alifanya nini upepo ulipoanza kuchafuka. Ziwa lilikuwa lile lile na upepo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba meli sasa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na wajibu. Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Dhoruba ni ya Mungu, lakini mlango uliofungwa kwa kufuli ni wa mtu.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe. Mwaka 1893, nchini Uingereza, mahakama iliamua kesi inayojulikana kama Williams dhidi ya Eady. Mwalimu mwenye shule aliacha chupa yenye kemikali ya fosforasi mahali ambapo wanafunzi waliweza kuifikia. Wakaichezea, ikawaka, na mvulana mmoja akaungua. Mahakama ikasema mwalimu analazimika kuwaangalia wanafunzi wake kama baba mwangalifu anavyowaangalia watoto wake, na kwamba baba mwangalifu haachi kitu cha namna hiyo mikononi mwa watoto, kwa kuwa anajua watoto ni watoto. Mwalimu akatakiwa kulipa.

Msikilizaji utauliza, ya Uingereza yanatuhusu nini sisi wa Mbaha? Yanatuhusu hivi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, walitoa amri ya kuitawala nchi ambayo iliingiza sheria zao za kimila za mahakamani, yaani zile zilizotokana na hukumu za majaji, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Tarehe hiyo wanasheria wetu wanaikariri mpaka leo. Kwa hiyo ile kanuni ya baba mwangalifu ilivuka bahari, ikapanda milima ya Umatengo, ikateremka mpaka ziwani. Tangu siku hiyo mtoto wa Mbaha, kwa maandishi, alikuwa na haki sawa na ya yule mvulana wa Uingereza aliyeungua.

Nasema kwa maandishi, kwa sababu katika matendo mambo yalikuwa tofauti. Wazee wetu walikuwa wametoka katika utawala wa Kijerumani wa kiboko na hamsa ishirini. Mtu aliyezoea kupigwa mbele ya boma hakuweza kuwaza kwenda bomani hapo hapo kudai fidia kwa sababu mtoto wake ameumia. Na shule ilikuwa ya padre. Nani amshitaki padre?

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 tulirithi sheria hiyo pamoja na nyingine. Kisha tukaingia katika kipindi ambacho mimi nakiheshimu sana, lakini ambacho katika jambo hili kilituachia deni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Shule ikawa na shamba, ikawa na mifugo, ikawa na kazi za mikono. Novemba 1974, huko Musoma, chama kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Ndiyo UPE tunayoikumbuka. Vijiji vikafyatua matofali, vikabeba mawe na mchanga, vikajenga. Hakuna nchi nyingi za Afrika zilizofanya kazi kubwa namna ile kwa muda mfupi namna ile.

Lakini mwaka huo huo wa 1974 jambo jingine lilifanyika bila kelele. Sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, iliyotungwa mwaka 1967, ilirekebishwa ili mwananchi asiweze kuishitaki Serikali mpaka kwanza apate kibali cha Waziri. Hebu tuyaweke mambo hayo mawili pamoja. Serikali ilichukua jukumu la kumkusanya kila mtoto wa nchi na kumweka chini ya paa lake. Na wakati huo huo ilijiwekea mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake yenyewe. Mzazi aliyetaka kuishitaki Serikali kwa sababu ukuta wa shule ya Serikali umemwangukia mwanawe, ilimbidi aiombe Serikali hiyo hiyo ruhusa.

Mimi nilisoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mojawapo ya shule za mwambao. Tulikuwa tukibeba mchanga kutoka ufukoni kwa ndoo na mabakuli kwa ajili ya ujenzi wa darasa. Siku moja mwenzetu aliyepanda juu ya ukuta ambao haujakamilika kupokea matofali aliteleza akaanguka, akavunjika mkono juu ya kiwiko. Alifungwa vijiti na mganga wa jadi. Mkono ule haukunyooka tena mpaka leo, na mwenye mkono ni mvuvi ambaye havuti wavu kama wenzake. Sisemi kwamba mwalimu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema, na alilia. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mtu mmoja, si mzazi, si mwalimu, si mwenyekiti wa kijiji, aliyeuliza kwa nini mtoto wa darasa la tano alikuwa juu ya ukuta. Tukio halikuandikwa mahali popote. Waliopoteza ni mtoto na wazazi wake tu.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo nchi nzima, mpaka mwaka 1993. Mwaka huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikikaa Arusha, iliamua shauri la Kukutia ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wananchi wale walipinga sharti la kupata kibali cha Waziri, na Mahakama ikakubaliana nao kwamba sharti hilo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa linamnyima mtu haki ya kusikilizwa mahakamani. Mwaka 1994 Bunge likarekebisha sheria. Kibali kikaondoka, mahali pake ikaja notisi: anayetaka kuishitaki Serikali aitaarifu siku 90 kabla. Kesi ile haikuhusu shule hata kidogo. Lakini kwa mzazi mwenye mtoto shuleni, sijui kama kuna hukumu nyingine katika nchi hii iliyomfungulia mlango mkubwa zaidi.

Na kana kwamba historia ilitaka kutuonya, mwaka huo huo wa 1994, mwezi Juni, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku. Wasichana zaidi ya 40 walikufa. Taifa lililia. Tulisema kwamba jambo kama lile lisitokee tena.

Lilitokea tena. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa, lilipoungua. Septemba 14, 2020, watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera. Majirani zetu nao hawakusalimika. Kenya ilizika wasichana wa Bombolulu, Kwale, mwaka 1998. Ikazika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Na mwezi Septemba 2024 ikazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, kutoka bweni moja lililolaza zaidi ya wavulana 150. Uganda ilipoteza wasichana 19 katika shule ya Budo Junior mwaka 2008.

Katika mikasa hii moto ulianza kwa njia mbalimbali: mahali pengine ilisemekana ni mshumaa, pengine ni umeme, na Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi. Lakini angalieni Kyanguli kwa makini. Aliyewasha moto ni mhalifu, hakuna ubishi. Hata hivyo bweni lile lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Mhalifu hakuweka kufuli wala hakuchomelea nondo. Hayo yalikuwapo kabla yake, na yaliwekwa na watu wazima wenye nia njema, waliotaka wanafunzi wasitoroke na wezi wasiingie. Ndiyo maana wazazi wa Kyanguli hawakutosheka na habari za waliowasha moto. Walikwenda mahakamani kudai kwa waliokuwa na dhamana ya shule, na kesi yao ilichukua zaidi ya miaka 10.

Hapa naomba tulitazame jambo ambalo huwatisha sana walimu. Kila ninapozungumzia habari hizi, mwalimu mmoja au wawili huniambia: "Ndugu mtangazaji, unataka kutufunga. Mimi nina wanafunzi 120 darasani, nitawaangalia vipi kama baba mwangalifu? Baba gani ana watoto 120?"

Hoja hiyo ni ya haki, na sheria yenyewe iliijibu zamani. Mwaka 1955 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya halmashauri ya Carmarthenshire, huko Wales. Mwalimu wa shule ya watoto wadogo alikuwa akijiandaa kutoka na watoto wawili. Akamwona mtoto mwingine ameanguka na kujiumiza, akaenda kumhudumia kwa dakika chache. Katika dakika hizo mtoto wa karibu miaka minne alitoka kupitia lango, akaingia barabarani. Dereva wa lori alimkwepa, akagonga nguzo, akafa. Mjane wa dereva akashitaki. Majaji wakasema mwalimu hana kosa, maana alikuwa akimhudumia mtoto aliyeumia, na baba mwangalifu angefanya hivyo hivyo. Mwenye kosa ni halmashauri, iliyoendesha shule ambayo lango lake mtoto wa miaka minne anaweza kulipita bila mtu kujua. Halmashauri ikalipa.

Msingi wake ni kwamba sheria haimtaki mwalimu awe malaika. Inauliza kama hatari iliweza kuonekana mapema, na kama aliyekuwa na uwezo wa kuizuia alichukua hatua ambazo mtu mwenye busara angechukua. Mwalimu mwenye wanafunzi 120 hakuwaandikisha yeye. Aliyewaandikisha ndiye anayetakiwa kujibu. Na hata mwalimu akikosea akiwa kazini, kanuni ni kwamba mwajiri wake hujibu pamoja naye. Kwa hiyo mwalimu asiiogope sheria hii. Kwa kweli ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuidai, kwa kuwa inawataja waliomwachia mzigo peke yake.

Sasa nije kwenye jambo la fedha, maana fidia ni fedha. Tarehe 6 Mei, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha, likipeleka wanafunzi kwenye mtihani wa ujirani mwema, lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa. Nchi nzima ilisimama.

Ninalitaja basi hilo kwa sababu hii. Chombo cha moto barabarani, kwa sheria yetu, hakiruhusiwi kutembea bila bima ya watu wengine. Sheria hiyo ni ya tangu ukoloni. Waliotunga walifahamu kwamba gari litaua mtu siku moja, na kwamba mwenye gari huenda hana kitu. Basi wakaamua fedha ya kumlipa aliyeumizwa iwekwe akiba kabla ajali haijatokea. Ni busara kubwa. Lakini niambieni, ni sheria gani inayolazimisha bima kwa ajili ya ukuta wa darasa? Kwa ajili ya bweni? Kwa ajili ya choo cha shimo ambacho sakafu yake imeoza? Kwa ajili ya mtumbwi unaovusha wanafunzi mto? Mtoto anayegongwa na basi ana kampuni ya bima ya kuifuata. Mtoto anayeangukiwa na ukuta ana halmashauri ambayo itasema haina fungu. Uhai ni ule ule, tofauti ni chombo kilichoutoa.

Turudi Mbaha, kwa mzazi aliyeniandikia. Jibu lake ni hili. Kama shule ni ya Serikali, anayewajibika kisheria kwa uzembe uliomuumiza mtoto ni mamlaka inayoiendesha shule. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, halmashauri nazo zimeingizwa katika utaratibu ule ule wa mashauri dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu kuunganishwa. Kama shule ni ya dini au ya mtu binafsi, anayewajibika ni mwenye shule, na hapo hakuna notisi ya siku 90. Madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3, ila kwa mtoto hesabu hiyo huanza anapofikia utu uzima, na akiwa bado mtoto mzazi au mlezi anaweza kushitaki kwa niaba yake. Na mtoto akifariki, ipo sheria inayowapa wategemezi haki ya kudai.

Kwa maneno, njia imenyooka. Kwa miguu, ni safari. Shauri dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu iliyo karibu na Mbaha iko Songea. Mzazi apande gari kupitia Kitai, alale kwa ndugu, atafute wakili, arudi, aitwe tena, aambiwe shauri limeahirishwa. Nauli ya safari nne ni mtumbwi mzima. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo, lakini mzazi lazima kwanza ajue kuwa ana cha kudai. Na akishajua, ataulizwa ushahidi. Nani aliona? Iliandikwa wapi?

Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema mwanafunzi asipigwe zaidi ya viboko vinne, atoe adhabu mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Mimi sina la kusema leo juu ya viboko. Hilo ni mjadala wa siku nyingine. Nauliza tu: kama tuliweza kuweka daftari la fimbo, je, ni shule ngapi zina daftari la ajali? Fimbo tuliyompiga mtoto tumeiandika. Ukuta uliomwangukia tumeuacha uende na upepo.

Ninajua yatakayosemwa. Kwanza itasemwa kwamba shule nyingi ni za nguvu za wananchi, na kuishitaki ni kujishitaki wenyewe. Nimesikia hoja hiyo kwa wazee ninaowaheshimu. Lakini mwananchi alitoa tofali. Hakutoa ruhusa ya kujenga bila mhandisi kukagua. Mchango wa mzazi haukuwa malipo ya kununua ukimya wake. Tangu mwaka 2016, elimu ya msingi na sekondari ya chini ilipotangazwa kuwa bila ada, madarasa yamejaa zaidi, na pale palipojaa zaidi ndipo panapohitaji jicho zaidi.

Pili itasemwa kwamba tukianza kushitakiana, fedha za chaki zitaishia kwenye fidia. Hii ni hoja nzito, na wanaoisema si watu wabaya. Jibu langu ni kwamba fidia ipo sasa hivi, inalipwa kila siku. Anailipa mvuvi asiyeweza kuvuta wavu. Anailipa mama aliyeuza mbuzi kwenda kumtibia mtoto Peramiho. Gharama haijaondoka kwa sababu sisi hatujaiandika katika bajeti. Tumewaachia wale wasio na bajeti. Jambo la kujadili ni nani aibebe, na kama ni haki abebe yule aliye mnyonge kuliko wote.

Kwa hiyo wiki hii sina wito wa kukimbilia mahakamani. Kesi ni dawa ya mwisho, tena chungu, na haimfufui mtu. Ninao wito wa mambo matatu, yote madogo. Bweni lolote liwe na milango miwili ya kutokea, inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli wakati watoto wamelala, na walau madirisha kadhaa yasiwe na nondo. Shule yoyote iwe na daftari la ajali, na lisomwe mbele ya kamati ya shule kila muhula. Na Bunge lifikirie bima ya lazima kwa shule, za Serikali na za binafsi, kama lilivyorithi bima ya lazima kwa magari.

La pili halihitaji Bunge wala halmashauri. Daftari la kurasa mia moja linauzwa dukani. Mzazi wa Mbaha anaweza kulinunua kesho, akalipeleka kwa mwalimu mkuu, wakaandika pamoja ukurasa wa kwanza: tarehe, mahali, jina la mtoto, aliumiaje, nani alikuwepo, na nini kirekebishwe. Ukurasa huo ndio ushahidi ambao hakimu atauomba iwapo mambo yatafika huko. Lakini pia ndio utakaomfanya fundi aitwe kabla ukuta haujaanguka, na huenda shauri lisiwepo kabisa.

Ndugu msikilizaji, kama shuleni kwenu daftari hilo lipo, niandikie unieleze linavyotumika, nami nitalisoma hapa hewani. Kwaheri mpaka wiki ijayo.